Filta, Mchele wa Kyela na Wakwe Zangu

Ndugu yangu msomaji, wewe mwenye mke, watoto na wakwe utanielewa haraka kuliko wengine. Nyumbani kwangu hapa Mbeya kuna kioo cheusi cha duara, upana wake milimita 77, kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera. Nilikidundulizia pesa kwa muda mrefu. Tangu kiingie humu ndani kimeshakuwa kisahani cha kikombe cha chai, kifuniko cha kopo la sukari, gurudumu la gari la maboksi, na Jumapili moja binti yangu alikikamata kujitazamia huku akijipaka mafuta ya midomo. Kazi moja tu ndiyo hakiachiwi kuifanya kwa amani, nayo ni ile iliyonifanya nikinunue.

Kazi yenyewe ni hii. Ukipiga picha ya maji mchana kweupe, shata ya kamera inafunguka na kufunga ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na wimbi linaganda pale lilipo. Ukitaka shata ikae wazi dakika nzima, mwanga unaingia mwingi mno na picha inatoka nyeupe tupu. Hapo ndipo filta ya ND inapohitajika. Inapunguza mwanga wa rangi zote sawasawa ili kamera ivumilie kukaa wazi. Yangu ni ya stopu 10, maana yake katika kila sehemu elfu moja za mwanga inaruhusu moja tu ipite. Wimbi linakuja, linarudi, linakuja tena, yote yanajikusanya katika picha moja, mpaka maji yanatulia na kuwa weupe laini huku mawe yakibaki mawe. Mawingu nayo yanajiburuta angani na kuacha mistari. Jicho la binadamu haliwezi kuona hivyo hata likikodoa namna gani. Ndiyo maana naupenda mchezo huu, na sioni haya kusema.

Mama Bajeti, mke wangu, haupendi. Jina hilo alipewa na kaka yake kwa sababu ya daftari lake la matumizi, na lazima niseme ukweli, bila daftari lile tungeshalala njaa mara nyingi. Siku filta ilipofika aliigeuza, akaiinua kwenye taa, akaona giza.

"Yaani umetoa hela kununua kitu cha kuzuia mwanga?"

"Ndiyo, mama."

"Na pazia je?"

Akaiandika chini ya "Mengineyo", kati ya kiberiti na nauli ya msiba. Tangu siku ile, kila nikisema nataka kwenda kupiga picha ziwani, ananifungulia ukurasa ule bila kusema neno.

Ngoja nikujulishe waliobaki. Binti yangu mkubwa tunamwita Wakili. Ukimwambia alale, atakuuliza ni kifungu gani kinachosema watu walale saa tatu. Mdogo wake ni Fundi Bomoa. Redio, saa ya ukutani, kufuli, pampu ya baiskeli, vyote amevifungua vizuri sana, na vyote bado viko wazi. Kuna shemeji yangu, Shemeji Kesho, mtu mwema kuliko wengi ninaowajua, ambaye kesho yake haijawahi kufika. Halafu kuna mama mkwe wangu wa Ipinda, wilayani Kyela, ambaye watoto wamempa jina la Bibi Mkaguzi kwa sababu akiingia nyumbani kwetu huanza na vifuniko vya sufuria. Mimi jina hilo silitamki. Kwangu ni mama, na shikamoo yangu huitoa mkono ukiwa umeshikwa na mwingine.

Mimi mwenyewe ni wa Iringa mjini, nimekulia karibu na jiwe la Gangilonga, na maji yetu ni Ruaha Mdogo, mto wa kuvuka uende zako. Sikuwa nimewahi kuona maji yanayokwenda mpaka yakakutana na mbingu. Nilipopelekwa Kyela kutambulishwa ukweni, wazee wakaniuliza habari za Iringa, nami nilikuwa nimeligeukia Ziwa Nyasa, nimesahau hata kujibu. Wakadhani ni adabu. Nafikiri mahari ilipunguzwa kidogo siku ile kwa sababu ya ule ukimya.

Kwa hiyo safari ya ukweni kwangu ni safari ya kamera, ila lazima ianze kama safari ya ukweni. Safari ninayotaka kukusimulia tulipanga kuondoka alfajiri kwa gari la Shemeji Kesho. Tuliondoka saa nne na ushee. Mama yangu mzazi alikuwa amepiga simu kutoka Iringa kusisitiza watoto wavae masweta, kwa maana kwake yeye nje ya Iringa kote ni baridi zaidi, basi tukajaza masweta na mablanketi. Stendi yangu ya kamera ikakosa nafasi. Nikaipakata mapajani toka Mbeya hadi Ipinda, miguu yake mitatu ikiwa dirishani.

Anayeijua njia ile ataelewa ninachosema. Mji wa Mbeya uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini kwenye mita 500 hivi. Unakunja Uyole, unapanda, unaupita Mlima Rungwe, unashuka Kiwira na Tukuyu katikati ya migomba na chai, mvua inakunyeshea hata kama hukuiomba, halafu joto linaanza kuingia kidogo kidogo kwenye gari. Tulipofika Ipinda watoto walikuwa wamevua vyote vya bibi yao wa Iringa, na Fundi Bomoa alikuwa amefungua kitasa cha mlango wa nyuma.

Kiwira niliomba tukunje kidogo twende Daraja la Mungu, lile jiwe la asili lililojipinda juu ya mto. Maji yanapita chini yake kwa kasi, miti imefunika, ni mahali pazuri mno pa kujaribia filta. Shemeji akasema tutapita wakati wa kurudi. Msomaji, wewe unajua tulipita au hatukupita.

Kesho yake, Jumamosi, tukaenda ufukwe wa Matema. Hapo nisimame kidogo, kwa sababu watu wengi wa nchi hii wanaujua ufukwe wa Paje na wa Bagamoyo, na huu hawaujui. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama na kuingia moja kwa moja ziwani, haina hata uwanja wa kukanyaga. Kwa sababu hiyo jua halichomozi majini. Kunapambazuka, kunakucha kabisa, wavuvi wanarudi na mitumbwi yao ya gogo, na ufukwe bado uko kivulini. Mpiga picha wa maji akitaka mwanga wa upole, hupewa saa nzima na zaidi ambayo mwenzake wa pwani haipati. Pia ziwa hili halijui kupwa na kujaa. Mwenzangu wa Bagamoyo hutazama mwezi kabla hajafunga begi. Mimi hutazama upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera huvuma kutoka kusini, una ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 la kusukuma, na mawimbi yake huja kuishia huku kaskazini kwetu. Usifike Matema na filta siku ambayo maji yamelala. Kisichotembea hakiachi mstari kwenye picha.

Siku ile mwera ulikuwepo, na mawingu pia. Nilifurahi hadi Mama Bajeti akaniuliza naumwa nini.

Upigaji wenyewe una utaratibu wake. Kwanza unapanga picha bila filta, unalenga, unahakikisha lenzi imeshika mlima vizuri, kisha unaizuia isibadilike, maana filta ikishafungwa kamera yenyewe haioni kitu. Unapima mwanga. Kamera ikisema sehemu moja ya nane ya sekunde, unazidisha mara elfu, inakuwa dakika mbili na sekunde kidogo. Unafunga filta taratibu, unaziba tundu la kuchungulia ili mwanga usiingie kwa nyuma, unabonyeza kwa waya ili mkono usitikise, unasubiri. Mchangani kuna kazi moja zaidi: wimbi likirudi linachimba chini ya miguu ya stendi, na stendi inazama polepole bila kuaga. Inabidi uikandamize mpaka ifike kwenye mchanga mgumu, halafu uning'inize kitu kizito katikati, kikiwa kimegusa chini ili upepo usikichezeshe.

Kitu kizito kilichokuwepo kilikuwa mfuko wa mchele. Mama mkwe alikuwa ametupa mchele wa Kyela, ule unaonukia hata kabla haujapikwa, na nakwambia hakuna uzito bora wa stendi duniani. Unakaa kimya, unajimwaga sawa pande zote. Nikabonyeza. Dakika moja ilikuwa imepita Mama Bajeti alipotokea na sufuria.

"Baba Wakili, naomba mchele."

"Dakika moja tu, mama."

"Maji yameshachemka."

"Ziwa linapigwa picha."

"Na watoto wanapigwa na njaa."

Akaufungua mfuko. Stendi ikasogea kwa upana wa kidole. Picha ile ninayo mpaka leo, Milima ya Livingstone ikiwa miwili miwili, mmoja nyuma ya mwenzake. Wali, lakini, ulikuwa mzuri sana, na mbasa wa kukaanga tuliyemnunua kwa mvuvi alikuwa mzuri zaidi. Katika ndoa huwezi kuvipata vyote kwa wakati mmoja.

Wakati tunakula, Shemeji Kesho akatoa mfukoni kioo chake. Hiki kina historia. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa na kubaki pete, Rujewa kule Mbarali ndiko watu walikojaa kutazama, na yeye alikwenda na kioo cha fundi wa kuchomelea, namba 14. Tangu siku hiyo anakitunza, na anashikilia kwamba nimetupa pesa, kwamba hiki chake kinafanya kazi ileile bure. Hajakosea sana. Wapo wapiga picha wengi wasio na uwezo wanaofunga kioo cha fundi mbele ya lenzi kwa mipira, na picha zinatoka, ingawa zina ukijani unaobidi kuondolewa baadaye. Ila wao hutumia namba za chini, kama namba 10, ambayo tayari ni nzito kuliko filta yangu. Namba 14 inaruhusu sehemu moja tu katika sehemu zaidi ya laki tatu na nusu. Nikampigia hesabu mchangani kwa kijiti: picha ambayo filta yangu ingeichukua kwa sekunde 17, kioo chake kingetaka zaidi ya saa moja na nusu.

"Basi tuiweke," akasema, "mimi nina muda."

Akaenda kulala chini ya mtumbwi uliopandishwa nchi kavu.

Ikaja picha ya familia. Hii niliiwaza tangu nyumbani. Nilitaka wote wasimame kwenye mawe, maji yawe laini miguuni kwao, mlima nyuma. Dakika mbili bila kutikisika, ni hilo tu nililoomba. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka soko la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, naye amenunua chungu kikubwa baada ya kukigonga, kukinusa na kukishushia bei. Nikamwekea kigoda. Akakaa, akapakata chungu.

"Nikae hivi mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka nikuambie, mama."

"Haya."

Akatulia kweli. Nilimwangalia mama yule, mikono juu ya chungu, macho ziwani. Amelima mpunga maisha yake yote, amezika mume, amesomesha, na kukaa dakika mbili bila kufanya kitu alikukubali kama watu wanavyokubali kiti kwenye daladala. Wengine sasa. Wakili alianza kwa kuuliza kwa nini mtu asipumue, nikamwambia kupumua ruksa, akauliza kupepesa macho je. Kamera ilikuwa imeshafunguka. Fundi Bomoa aliona kaa, akaondoka naye. Wakili akamfuata kumshtaki. Mama Bajeti alisimama vizuri karibu nusu ya muda, akasikia harufu ya kitu kinaungua, akaenda.

Shata ikafunga. Watoto wakarudi mbio kutazama, kioo cha kamera kikiwa cheusi. Inapomaliza picha ndefu, kamera yangu hupiga nyingine ya giza kwa muda uleule, mlango ukiwa umefungwa, ili ijue nukta zilizotokana na joto lake yenyewe na kuzifuta. Dakika mbili nyingine.

"Baba, picha imeisha, kwa nini haijaisha?" Wakili akauliza, na kesi ikasikilizwa muda wote huo.

Ilipotokea, tukanyamaza wote. Maji yametulia na kuwa weupe mtupu, mawingu yamejiburuta kutoka mlimani hadi ukingoni mwa picha, mawe meusi yamesimama. Watoto hawapo. Hakuna hata kivuli chao. Mke wangu yupo kama moshi, na mtumbwi unaonekana kupitia tumboni mwake. Chini ya mtumbwi kuna nyayo mbili za Shemeji Kesho, safi kabisa, kila kidole mahali pake. Na katikati, mkamilifu, amekaa mama mkwe wangu na chungu chake.

"Mimi nilikuwepo!" Wakili akalia. "Nilikuwepo pale!"

Nikamweleza habari ya Louis Daguerre. Mwaka 1838 huko Paris alielekeza kamera yake dirishani kwenye barabara yenye pilikapilika, Boulevard du Temple, na kwa kuwa bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, magari ya farasi na watu wote wakafutika. Akabaki mtu mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu. Huyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha, na jina lake halijulikani. Kamera ya namna hii haina chuki na wanaokimbia. Inawapa kila mmoja muda aliokaa, basi. Wakili akafikiri, akasema mwaka 1838 hapakuwa na kaa. Nikaacha.

Mama Bajeti yeye alikuwa na neno moja: "Umenifanya mzimu." Akachukua simu yake, akawapanga watu upya, akabonyeza, sekunde haikufika. Picha hiyo, maji yamegandishwa vibaya na kidole chake kipo pembeni, ndiyo iliyosafishwa Mwanjelwa na ndiyo iko sebuleni. Watu wote wamo. Sikupinga, na sitapinga.

Yangu ilikwenda Ipinda. Mama mkwe alipoiona imechapishwa kubwa aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ule aliokaa kupigwa, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Akaitundika juu ya mlango wa chumbani kwake. Shemeji ananiambia kila mgeni anaonyeshwa, na kila mgeni anaambiwa kwamba siku ile wengine wote walikimbia. Mimi nimepiga maji mengi, Matema, Kaporogwe kwenye maporomoko na hata mifereji ya mpunga, na picha hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Filta imeshajilipa, hata kama haijahamishwa kutoka "Mengineyo".

Kuna jambo moja la mwisho, na hili nakuomba ulishike, mzazi mwenzangu. Jioni ile kule Matema, mawingu yalipofunguka na jua kushukia upande wa Kyela, nilimkuta Fundi Bomoa ameishika filta yangu jichoni anatafuta pete ya Rujewa ambayo mjomba wake amemsimulia. Nilimnyang'anya kabla hajaigeuza juani. Filta ya ND ya stopu 10 inapitisha sehemu moja ya elfu. Filta maalumu za kutazamia jua hupitisha takriban sehemu moja ya laki moja, na huzuia pia miale isiyoonekana, ambayo ND nyingi huiacha ipite. Ukilitazama jua nayo, giza lake litakudanganya kuwa uko salama, na sehemu ya ndani ya jicho inayoungua haina maumivu ya kukuonya. Kwa hiyo iache iwe kisahani, iwe kifuniko, iwe gurudumu, lakini mtoto asiinyanyue kuelekea juani hata mara moja. Yangu naifungia kabatini, na ufunguo nimempa Mama Bajeti.